Sukari ya asubuhi 5.1, ya jioni 13.8: je, ni kisukari au ni dawa za lupasi?

Swali la msomaji wetu wa Tanga:

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana niligundulika nina lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na miezi mitano iliyopita ikaingia kwenye figo. Nilianzishiwa prednisoloni mg 40, sasa niko mg 20, pamoja na maikofenoleti na haidroksiklorokwini mg 200. Uso umekuwa wa mviringo na uzito umetoka kilo 58 hadi 67. Kliniki wananipima sukari asubuhi kabla sijala. Mara ya mwisho ilikuwa 5.1, wakasema niko salama. Wiki iliyopita nilishikwa na kiu kali na kukojoa kila mara. Jioni nikapima kwenye duka la dawa, ikasoma 13.8. Muuzaji akaniambia tayari nina kisukari. Mama anasema nivitupe vidonge, vitaniua kabla ya ugonjwa wenyewe. Shangazi yangu yuko Muscat, ana baridi yabisi na anachomwa sindano ya tosilizumabu. Yeye hakunenepa, ila kolesteroli yake imepanda. Nani yuko sahihi? Nikihamia kwenye sindano sukari itaondoka? Na Ramadhani inakuja, naweza kufunga?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na lile lisilosubiri. Usivitupe vidonge, wala usiruke hata siku moja, mpaka daktari wako akupangie namna ya kupunguza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo ndiyo inayotusimamisha asubuhi, inayoshikilia presha isianguke, na inayotubeba tunapougua au kuumia. Kwa siku moja mwili wa mtu mzima hutengeneza kotisoli inayolingana na prednisoloni mg 3 hadi 5 hivi. Wewe ulianza na 40. Ubongo ukaona homoni imejaa tele, ukaacha kuziamuru zile tezi zifanye kazi. Zikishakaa bila kazi zaidi ya wiki tatu au nne huanza kusinyaa, na zako zina miezi mitano. Ukiacha vidonge leo, ndani ya siku chache unaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka na fahamu zikapotea. Hapo lupasi yenyewe bado hatujaigusa, nayo ikiachiwa figo kwa wiki kadhaa huondoka na sehemu ambayo hairudi tena.

Sasa namba zako mbili. Zote ni za kweli. Kliniki hawakukosea na muuzaji wa duka la dawa hakukosea. Tofauti yao ni saa ya kupima.

Prednisoloni ukiimeza saa mbili asubuhi, nguvu yake juu ya sukari hupanda kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri, hubaki juu mpaka jioni, kisha hufifia usiku. Ikifika alfajiri mwili umeshajisafisha. Ndiyo maana mtu anayekunywa kidonge kimoja asubuhi anaweza kuamka na sukari ya mtu mzima wa afya, na saa kumi na mbili jioni akawa na sukari inayomkausha koo. Kumpima mtu huyu asubuhi peke yake ni kama kwenda sokoni usiku na kurudi ukisema soko halina watu. Nimewaona wagonjwa waliokaa miezi mingi hivyo, wanaambiwa "sukari iko sawa" kila wakija kliniki, hadi siku wanapoletwa wakiwa hoi. Kama kuna kitu kimoja tu utakachochukua kutoka kwenye barua hii, kiwe hiki: sukari yako inafuata saa ya kidonge, kwa hiyo kuipima, kuitibu, kula kwako na hata kufunga kwako lazima vifuate saa hiyo hiyo.

Nini hasa kinatokea ndani? Chakula kikishageuka glukosi kwenye damu, insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye misuli ili glukosi iingie itumike. Steroidi, kundi la dawa ambamo prednisoloni imo, huifanya misuli kuwa kiziwi: hodi inabishwa, mlango haufunguliwi. Wakati huo huo ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kutengeneza glukosi ukiwa na njaa, huchochewa litengeneze hata ukiwa umeshiba, na malighafi yake nyingine hutoka kwenye misuli ya mapaja na mikono. Je, umeona kuinuka kutoka kwenye kigoda siku hizi mpaka ushike kitu? Ndiyo hiyo misuli inayoliwa. Kongosho nalo hujaribu kufidia kwa kumwaga insulini zaidi, lakini steroidi hulipunguza kasi. Mafuta huhamishwa kutoka kwenye miguu na mikono kwenda usoni, shingoni na tumboni. Na juu ya hayo yote kuna njaa. Njaa ya prednisoloni haina uhusiano na uroho. Ni amri ya kemikali inayotoka kwenye ubongo, na mtu yeyote anayekucheka kwa kula hajawahi kuionja.

Kwa hiyo ni kisukari au si kisukari? Kwa vipimo tunavyotumia, sukari ya wakati wowote inayofika 11.1 au zaidi, ikiambatana na kiu na kukojoa sana kama ulivyoeleza, inatosha kuitwa kisukari. Ila chako kina mzazi anayejulikana: ni kisukari kilicholetwa na steroidi. Kwa wengi hupungua kadiri dozi inavyoshuka, na kwa baadhi huisha kabisa. Kwa wengine hubaki, hasa kama kwenye ukoo kuna kisukari au uzito ulikuwa mkubwa tangu mwanzo. Hatutajua wewe uko kundi gani mpaka dozi ishuke. Kwa sasa inatibiwa kama ilivyo, maana sukari ya 13 au 14 kila jioni huharibu mishipa ya damu na figo bila kuuliza ilikotoka. Na figo zako tayari zina mzigo wa lupasi.

Kipimo kimoja hakitoshi kupangia matibabu, kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mashine ya kupima sukari, hata ya kuazima. Kwa siku saba pima mara tatu kila siku: asubuhi kabla ya kula, zikishapita saa mbili tangu chakula cha mchana, na jioni kabla ya chakula cha usiku. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kwanza. Kidole kilichoshika embe au andazi husoma sukari ya embe. Andika kwenye daftari saa uliyokunywa prednisoloni, dozi yake, ulichokula, na namba. Daftari hilo litamsaidia daktari wako kuliko maelezo yangu yote haya.

Wanaweza pia kukupima HbA1c, kile kipimo kinachotoa wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Ni kizuri, ila kwako kisome kwa tahadhari. Kwanza, wastani huchanganya usiku wako mzuri na alasiri yako mbaya, ukatoka na namba ya katikati isiyomtisha mtu. Pili, kipimo hicho hutegemea uhai wa chembe nyekundu za damu. Lupasi wakati mwingine huzivunja chembe hizo mapema, na mwenye selimundu pia huwa nazo za muda mfupi. Hapo namba hushuka kwa uongo. Upungufu wa madini ya chuma, ambao wanawake wetu wengi wanao, huipandisha kwa uongo. Daftari la mashine ndilo la kuaminiwa.

Kuhusu dawa za sukari, daktari wako ataamua akiwa na majibu ya figo mkononi. Metfomini ni nzuri na ni rahisi kupatikana, lakini uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya 30 haitumiki. Glibenklamaidi siipendi kwa mtu kama wewe. Hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, hukaa mwilini zaidi figo zikiwa dhaifu, na kwako usiku sukari hushuka yenyewe. Unaweza kuikuta imekuangusha alfajiri. Namba zikibaki juu, dawa inayoendana vyema na prednisoloni ni insulini ya NPH, ile inayofanana na maji yaliyochanganywa na maziwa, ikichomwa asubuhi sambamba na kidonge. Nayo hupanda mchana na kufifia usiku, kwa hiyo insulini na prednisoloni hutembea pamoja kama watu wawili wanaoenda shamba moja. Usiogope neno insulini. Kuchomwa kwa miezi michache hakukufungi maisha. Ila kuna sharti moja ambalo husahaulika na kuleta hatari kweli: kila prednisoloni inaposhushwa, insulini nayo ishushwe. Ukishuka kutoka mg 20 hadi 15 na insulini ikabaki pale pale, utaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Uliza swali hilo mwenyewe kila siku dozi inapobadilishwa, hata kama kliniki kuna foleni ndefu.

Sasa mama. Mfikishie shikamoo zangu, na umwambie hoja yake ina uzito. Mwaka 1932 daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, Harvey Cushing, aliandika kuhusu wagonjwa wenye uso wa mviringo, tumbo kubwa, miguu myembamba, presha na sukari. Ile sura anayoiona mama kwako, yeye aliiona kwa watu ambao miili yao yenyewe ilitengeneza kotisoli kupita kiasi. Miaka 16 baadaye, Septemba 1948, pale Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, homoni ya jamii ya kotisoli, mwanamke mwenye baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kujigeuza vizuri kitandani. Ndani ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Shangwe zile zilipotulia, madaktari wakaanza kuziona nyuso za Cushing kwenye wodi zao, safari hii zimeletwa na sindano zao wenyewe. Tangu wakati huo kazi yetu imekuwa hiyo hiyo: kutumia nguvu yake kuzima moto, kisha kuipunguza mapema kuliko tulivyozoea zamani.

Ila mama haoni upande mmoja, na si kosa lake, kwa sababu hauonekani kwa macho. Lupasi yenyewe, hata bila kidonge kimoja, huvuruga sukari na mafuta. Kinga inapoushambulia mwili hutoa kemikali za mcharuko, yaani ule moto wa kinga ndani ya mwili. Mojawapo inaitwa TNF. Mwaka 1993 watafiti wa Boston walionyesha kwa panya wanene kwamba TNF huzuia insulini kufanya kazi yake, na tangu hapo imejulikana kwamba mcharuko na sukari ni ndugu. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh walitoa matokeo yaliyotushtua wengi: wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walikuwa wakipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 ya wenzao wasio na lupasi. Katika umri huo shambulio la moyo kwa wanawake ni nadra, ndiyo maana hesabu ya mara ni kubwa hivyo, lakini ujumbe uko wazi. Mishipa ya moyo huumia kwa lupasi isiyotulizwa na huumia pia kwa steroidi nyingi za muda mrefu. Anayetupa vidonge amekimbia moja akaiangukia nyingine.

Kwenye orodha yako kuna dawa moja ambayo ningeomba uipende. Haidroksiklorokwini ni binamu wa ile klorokwini tuliyoitumia kwa malaria. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na wa umri wangu bado tunakumbuka ule mwasho wake, mtu anajikuna usiku kucha. Kwa lupasi binamu huyu hupunguza milipuko ya ugonjwa, hukinga figo, na kwa upande wa sukari hutenda kinyume kabisa cha prednisoloni. Huchelewesha kuvunjwa kwa insulini ndani ya seli, kwa hiyo insulini kidogo uliyonayo hukaa kazini muda mrefu zaidi, na kolesteroli mbaya hushuka kidogo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa karibu 4,900 wa baridi yabisi: waliotumia dawa hii zaidi ya miaka minne walipata kisukari kwa kiasi cha robo hivi ya wasioitumia. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo kama ule wa kugawa dawa kwa kura, lakini unakubaliana na tunayoyajua kuhusu namna dawa inavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo pia, ukianza insulini, mwambie daktari kwamba unaitumia, kwani zikiwa pamoja sukari inaweza kushuka zaidi ya ilivyotarajiwa.

Dozi yake isizidi mg 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa uzito wako mg 200 iko ndani ya mpaka, na daktari ndiye ataona kama kuna nafasi ya kuongeza kufuatana na figo. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, na kwa mwenye figo dhaifu mapema zaidi. Wengi wanaiacha kwa sababu haileti nafuu ya haraka kama prednisoloni. Ni kama mti wa kivuli, hauonekani kazi yake siku unayoupanda.

Maikofenoleti haigusi sukari kwa kiasi cha kukuhangaisha, na kazi yake kubwa kwako ni kushika nafasi ili prednisoloni iondoke. Lakini wewe una miaka 31, na siwezi kuipita hivi hivi: dawa hiyo huharibu mimba. Tumia uzazi wa mpango wa kuaminika, na ukitaka mtoto sema mapema, kwa maana inabidi iachwe angalau wiki sita kabla na kubadilishwa na nyingine kama azathioprini, ambayo nayo haipandishi sukari. Wakija kukupendekezea takrolimasi kwa ajili ya figo, ujue ni dawa nzuri, lakini hulidhoofisha kongosho lenyewe na huweza kuleta kisukari. Siyo sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupima mara nyingi zaidi. Siklosporini hupandisha zaidi presha na mafuta.

Tuje kwa shangazi wa Muscat, maana kisa chake ni kizuri na wengi hukielewa kinyume. Tosilizumabu huziba njia ya kemikali ya mcharuko iitwayo IL-6. Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye ugonjwa wake unawaka mara nyingi huwa na kolesteroli ya chini, na watu humpongeza. Pongezi hizo si za kweli: mcharuko ndio unaoyala mafuta ya damuni kwa kasi, huku mishipa ikizidi kuumia. Sindano ikizima mcharuko, kolesteroli hurudi juu, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni mwili kurudi ulipokuwa kabla ya ugonjwa. Je, inadhuru moyo? Swali hilo liliulizwa rasmi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, ya wagonjwa zaidi ya 3,000 waliogawanywa kwa kura kati ya tosilizumabu na etanasepti, sindano nyingine inayoziba TNF, yalionyesha kwamba mashambulio ya moyo na kiharusi hayakutofautiana kwa maana kati ya makundi mawili, ingawa kolesteroli ilipanda kwa wa tosilizumabu. Shangazi asiache sindano. Apimwe mafuta mwezi mmoja au miwili baada ya kuanza, na kama umri, presha au sukari yake vinamweka kwenye hatari, apewe dawa ya kolesteroli kama mtu mwingine yeyote. Akibadilishiwa kwenda kwenye vidonge vya kundi la tofasitinibu, hivyo navyo hupandisha kolesteroli, lakini hadithi yao ni tofauti: matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha matatizo zaidi ya moyo na saratani kuliko dawa za kuziba TNF, kwa wagonjwa wa miaka 50 na zaidi wenye angalau kihatarishi kimoja cha moyo, kama sigara au presha. Hilo aliulize waziwazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama sindano itaondoa sukari yako, jibu ni kwamba sindano ya shangazi si ya lupasi. Zipo zinazotumika kwa lupasi, kama belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa lupasi na mwaka 2020 kwa figo za lupasi. Haziponyi sukari zenyewe. Zinachofanya ni kutuliza ugonjwa ili prednisoloni ishuke, na kushuka kwa prednisoloni ndiko kunakoleta sukari chini. Bei yake kwetu bado ni kubwa mno kwa mwalimu, na sitaki ukae ukiitamani huku ukidharau dawa ulizonazo. Haidroksiklorokwini na maikofenoleti zikinywewa kila siku bila kuruka zinaweza kukufikisha huko huko. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 kuhusu lupasi unasema dozi ya kudumu ya prednisoloni isizidi mg 5 kwa siku, na ikiwezekana iachwe. Umekaa mg 20 kwa muda gani? Muulize daktari wako swali hilo kwa adabu lakini kwa msisitizo: "Mpango wa kunifikisha mg 5 ni upi, na ni mwezi gani?" Kuna wagonjwa wanaobaki kwenye dozi kubwa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Wakati huo huo chakula. Sitakupa orodha ya marufuku, huwa hazifuatwi. Angalia saa. Asubuhi mwili wako bado unaipokea sukari vizuri, kwa hiyo kama kuna kipande cha chapati au muhogo usioweza kuuacha, mahali pake ni hapo. Mchana na jioni ndipo prednisoloni inapotawala. Sahani ya wali ya saa saba na ile chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi ya saa kumi ndizo zinazokuandikia 13.8. Punguza wali au ugali wa mchana ubaki kama ngumi yako, jaza nafasi kwa mchicha, kisamvu, bamia, samaki na kunde. Chai inyweke bila sukari. Wiki ya kwanza ni mateso, ya tatu utaona ya wengine ni tamu kupita kiasi. Soda na juisi za pakiti acha kabisa. Chumvi ipungue, kwa ajili ya presha na kule kuvimba miguu. Kuhusu ndizi, maji ya dafu na matunda mengi, subiri majibu ya potasiamu, maana figo zikidhoofika madini hayo hujaa. Baada ya chakula cha mchana tembea robo saa, kivulini kwa sababu jua huchokoza lupasi. Misuli inayotembea huingiza sukari hata bila kusubiri insulini. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, hurudisha nguvu za mapaja.

Mifupa yako nayo inapungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, yaani ndimo ulimo sasa. Kwa kuwa unakwepa jua, na mavazi yetu ya Pwani yanafunika, vitamini D yako huenda iko chini. Omba vidonge vya vitamini D. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vitachangia kalisi.

Jambo moja nakuomba sana: usinunue kidonge, unga wala krimu yoyote bila kumwonyesha daktari. Huku kwetu na Kongo wapo wanaomeza deksamethasoni, steroidi nyingine, ili wanenepe. Mg 0.75 tu ya deksamethasoni ni sawa na mg 5 za prednisoloni, na nguvu yake hukaa mwilini siku nzima na zaidi, hivyo hata ile asubuhi yako ya 5.1 itapotea. Krimu kali za kujichubua zenye klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi, hupita kwenye ngozi zikaingia damuni. Na baadhi ya "dawa za asili za viungo" zinazotuliza maumivu siku hiyo hiyo zimekutwa zimechanganywa na steroidi.

Ramadhani. Najua swali hili ni zito moyoni, nami nalijibu kama daktari na kama Mwislamu. Mwaka huu usifunge. Figo zenye lupasi inayowaka hazivumilii saa kumi na tatu bila maji, sukari yako haijapangwa, na prednisoloni hairukwi. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara. Mwakani, ukiwa umefika mg 5, figo zimetulia na huna insulini, tukae tena tulizungumze: kidonge kinaweza kunywewa daku, mashine ikapimwa mchana bila kuharibu saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 mtu hufungua hapo hapo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki, ukitapika na vidonge visikae tumboni, maana hapo utahitaji haidrokotisoni ya sindano. Au mashine ikisoma juu ya 16 mara mbili mfululizo. Au ukipata homa, kwani dawa hizi huficha maambukizi mpaka yamekomaa. Mwambie mtu wa mapokezi maneno haya: "Natumia prednisoloni kila siku kwa miezi mitano." Yaandike pia kwenye karatasi ukae nayo kwenye pochi, na mama ajue ilipo.

Ukishapata mashine, kipimo cha kwanza kwenye daftari kiwe saa tisa alasiri, kabla ya chai.